Ununuapo Motokaa Mnadani, Pima Injini Kabla ya Nyundo

Wakulima wengi wa Kitale na Bungoma, wakiisha kuuza mahindi au miwa yao, hutamani kununua motokaa iliyokwisha kutumika. Mnadani bei huwa nafuu, lakini hatari ni kubwa. Kwa Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, mauzo hutimia dalali apigapo nyundo. Kabla ya hapo mnunuzi aweza kuiondoa bei aliyoitaja. Baada ya hapo hawezi. Tena, kwa desturi, gari la mnada huuzwa jinsi lilivyo. Kasoro itakayoonekana nyumbani ni mzigo wa mnunuzi, na injini mbovu yaweza kumeza fedha za mavuno mazima.

Basi yafaa kwenda siku ya kutazama magari, kabla ya mnada, pamoja na fundi unayemwamini.

Kwanza, hakikisha kwamba injini ni baridi. Ikiwa ina moto, imewashwa mapema, na huenda ni kwa kuficha ugumu wake wa kuwaka.

Pili, vuta kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi si ajabu. Lakini ikifanana na chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo. Injini ingali baridi, fungua rejeta: oili ikielea juu ya maji, shuku gasketi iliyoungua.

Tatu, omba iwashwe, utazame moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na mara nyingi pete za pistoni zimelika. Moshi mweupe usiokoma hata injini ipatapo moto ni maji yaliyoingia katika silinda. Lakini mvuke kidogo asubuhi ya baridi hauna neno. Moshi mweusi ni mafuta yanayozidi hewa, na huenda ni chujio la hewa tu lililoziba.

Nne, sikiliza. Mgongo mzito utokao chini ya injini ni dalili ya beringi zilizokwisha, na hayo ni matengenezo ya gharama kubwa.

Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya bahari, na huko maji ya sufuriani huchemka kwenye digrii 94 hivi, si 100. Injini hufanya kazi kwenye digrii 90 hivi. Kifuniko cha rejeta ndicho kiyabanacho maji yasichemke upesi. Kwa hiyo kifuniko kibovu si jambo dogo. Acha injini iwake robo saa, nawe uangalie mshale wa joto.

Mwisho, linganisha nambari ya injini na ile iliyo katika kitabu cha gari. Kisha ukadirie na fundi gharama za matengenezo, uzipunguze katika bei, na kikomo hicho usikivuke hata wengine wakipandisha. Gari lisiloruhusiwa kuwashwa, lihesabu kuwa halina injini. Kulinunua kwa bei ya gari zima ni kununua mbuzi ndani ya gunia.