Kabla ya Kuteremka, Jua Utakavyosimama

Chora kwenye ramani mstari mnyoofu kutoka Epulu, ndani ya msitu wa Ituri, hadi Bunia: utapata kama kilomita 185. Chora mwingine kuelekea kusini-mashariki hadi kilele cha Margherita, mita 5,109 juu ya usawa wa bahari katika milima ya Ruwenzori: utapata umbali unaokaribiana na huo. Kwa mwendo wa ndege, basi, mkazi wa Epulu yuko karibu na theluji kama alivyo karibu na Bunia, makao makuu ya jimbo lake, na Kisangani ni mbali kuliko zote mbili. Lakini Ruwenzori si mahali pa kuteleza kwa bodi ya theluji. Barafu yake, iliyoenea zaidi ya kilomita za mraba 6 mwaka 1906, ilikuwa imepungua hadi chini ya kilomita moja ya mraba mwanzoni mwa karne hii, nayo imeshikamana na miamba na nyufa.

Hata hivyo sayansi ya kuteremka haingoji theluji. Kanuni zinazomtelezesha kijana kwa bodi kwenye milima ya Ulaya ndizo zinazoishusha chukudu kutoka Kibumba hadi Goma, na ndizo zinazomlazimu mchuuzi wa Epulu ashuke kwenye baiskeli yake na kuisukuma. Anayejifunza chombo chochote kati ya hivi vitatu hukutana na swali moja: nianze na kipi? Wengi huulizia chenye kasi, au kinachobeba mzigo mkubwa. Fizikia inashauri tuulizie kwanza kile kitakachosimama.

Tuanze na chukudu. Ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kinachoundwa kwa mikono huko Kivu ya Kaskazini tangu miaka ya 1970 hivi. Kiunzi aghalabu ni cha mkaratusi. Magurudumu huchongwa kwa mti mgumu zaidi na kuvalishwa mpira wa tairi kuukuu. Hakina injini wala pedali. Penye tambarare mwendeshaji huweka goti moja juu ya ubao na kupiga ardhi kwa mguu wa pili. Penye mteremko huuachia uzito ufanye kazi. Viazi, kabichi na makaa ya Goma vimeshushwa hivyo kwa miaka mingi, na mji umekijengea chombo hiki sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara.

Tuseme chukudu, mzigo na mwendeshaji vina uzito wa kilo 300 kwa jumla. Vikishuka kimo cha mita 100, mvutano wa dunia unaachilia nishati ya jouli 294,000 hivi. Pasingekuwa na msuguano wa aina yoyote, vingefika chini kwa kasi ya karibu kilomita 159 kwa saa. Hesabu hiyo ina jambo ambalo mwanagenzi halitarajii: kasi hiyo haibadiliki kwa mzigo. Iwe tupu, iwe imesheheni, bila msuguano chukudu ingefika na mwendo uleule. Kinachobadilika ni kiasi cha nishati ambacho breki italazimika kukimeza. Uzito wa jumla ukiwa maradufu, nishati nayo ni maradufu. Mwendo ukiwa maradufu, nishati ni mara nne. Kwa hiyo aliyezoea kusimama ndani ya mita 5 akiwa na kilomita 20 kwa saa atahitaji mita 20 akiwa na kilomita 40, hata kama breki inashika kwa nguvu ileile.

Na breki yenyewe ni nini? Baadhi ya chukudu zina kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, ambacho mwendeshaji hukikandamiza kwa mguu. Nguvu ya kushika hutegemea ile inayotoka mguuni, na kila jouli inayoondolewa kwenye mwendo hugeuka joto kwenye mpira. Ndiyo sababu mtu mwenye misuli ya wastani hapaswi kununua ubao mrefu wa kubebea nusu tani kwa vile tu unauzwa karibu na nyumbani.

Upande wa pili wa hesabu ni msuguano wa njia. Chombo huteremka chenyewe pale tu mteremko unapoushinda msuguano huo. Bodi iliyopakwa nta, ikiwa juu ya theluji ambayo msuguano wake ni asilimia 5 ya uzito, hudai mshuko wa mita 5 kwa kila mita 100 za njia. Tairi ya baiskeli iliyojaa upepo, juu ya lami, hudai chini ya mita moja. Kwenye tope, gharama hupanda mara nyingi.

Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini Epulu haikuwa nchi ya chukudu. Kijiji kiko kando ya mto Epulu kwenye barabara ya RN4, inayotoka Kisangani kwenda Komanda, ndani ya Hifadhi ya Okapi iliyoanzishwa mwaka 1992 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1996. Ardhi iko kama mita 750 juu ya usawa wa bahari, vilima ni vifupi, na mvua hufikia milimita 1,700 hivi kwa mwaka. Mteremko mrefu wa kulipia msuguano haupo. Kilichopo ni udongo mwekundu, mgumu wakati wa jua na utelezi baada ya mvua. Gurudumu dogo hutumbukia kwenye shimo ambalo gurudumu kubwa hulivuka.

Kwa hiyo chombo cha njia hii kikawa kinga, yaani baiskeli, yenye gurudumu la karibu sentimita 70. Miaka ambayo malori yalishindwa kupita, wachuuzi walisafirisha bidoni za mawese kwa kuisukuma, si kwa kuipanda. Mzigo hufungwa chini, pande zote mbili, ili kitovu cha uzito kiwe karibu na ardhi. Fimbo hurefusha usukani, gongo husimama nyuma ya kiti, na mtu hutembea kando akiishikilia kwa mikono yote miwili. Breki ya mwisho ni nyayo zake mwenyewe, na mwendo hauzidi hatua zake.

Bodi ya theluji inafuata mantiki hiyohiyo kwa sura nyingine. Mwaka 1965 Sherman Poppen wa Muskegon, Michigan, aliunganisha ski mbili kwa ajili ya binti zake. Mchezo uliotokana na wazo hilo ulifika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Bodi haina breki. Mtu huigeuza ikingame mteremko na kukandamiza ukingo wake wa chuma kwenye theluji. Ndugu zetu waliohamia Kanada au Norway wakitaka kujifunza, watafute basi bodi ambayo ukingo wake wataumudu: iwe fupi kidogo, laini kupinda, ncha zake zikiwa zimeinuka ili zisinase. Urefu wake upimwe zaidi kwa uzito wa mtu kuliko kimo chake, maana uzito ndio unaoukandamiza ukingo. Fedha nyingi ziende kwenye viatu: kisigino kikicheza ndani ya kiatu, amri ya mguu huchelewa kufika kwenye bodi. Na mwenye mguu mkubwa achukue bodi pana, vidole visikwaruze theluji.

Kwa chombo chochote kati ya hivi, mwanagenzi atafute kwanza mguu anaopenda kuutanguliza au goti analopenda kuliweka, kisha achague mteremko mfupi unaoishia kwenye tambarare. Ashuke bila mzigo na kusimama penye alama aliyoiweka mwenyewe. Akiipita alama, tatizo ni breki, ukubwa wa chombo au mwendo, na asiongeze hata gunia moja mpaka ajue ni lipi. Akisimama pale kila anaposhuka, aongeze mzigo kidogokidogo, na kila akiongeza arudie jaribio tangu mwanzo.