Mama Kiongozi, Je, Umetenga Ngitili Yako?

Wapo akina mama ambao kwa asili yao ni wakimya. Hawana kinyongo na mtu, wala hawajivuni. Wanawapenda watu, lakini wakishinda katikati ya watu wengi huchoka kama waliolima kutwa. Wakipata saa moja ya kukaa peke yao, wakichambua mchicha au kushona shati la mtoto, nguvu huwarudia. Mama wa namna hii akipewa uongozi, awe mwalimu mkuu, muuguzi mfawidhi wa zahanati, mtendaji wa kata au mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa, hukutana na mzigo ambao wenzake hawauoni. Kazi anaiweza. Kinachommaliza ni kutwa nzima ya watu.

Tumeona tulizungumze jambo hili mwezi huu kwa sababu gharama yake hailipwi kazini. Hulipwa nyumbani, na wanaoilipa ni mume na watoto.

Siku ya mama kiongozi

Tumfikirie mwalimu mkuu wa shule ya msingi mjini Bariadi. Kwa Wasukuma salamu si neno moja. Ukishasema "Mwangaluka", zinafuata habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe na za mvua. Ni desturi njema, na kiongozi anayeikatisha huonekana hana adabu. Basi kabla ya saa mbili asubuhi amekwisha kusalimiana na watu thelathini. Wanafuata wazazi, mwalimu anayeomba ruhusa kwa kuwa mtoto wake anaumwa, mratibu elimu kata, fundi wa madawati, na kikao cha kamati ya shule. Katikati ya hayo simu inalia, na kundi la WhatsApp la walimu halilali.

Saa kumi na moja jioni anafika nyumbani na kukuta wageni wa mumewe sebuleni, na watoto wanamngoja na madaftari. Anajibu kwa neno moja moja. Mume anadhani amekasirika. Mtoto akimwaga maji anapigiwa kelele ambazo hakustahili. Usiku mama analala na moyo mzito, akijiuliza kwa nini walimu wake walipata uvumilivu wote, na watoto wake wakapata makombo.

Ikiendelea hivyo mwaka mzima, wengi husema, "Heri nirudi darasani." Huachia uongozi, na jamii hupoteza kiongozi aliyekuwa anasikiliza kabla ya kusema.

Ukimya si haya, wala si kiburi

Mwaka 1921 daktari wa Uswisi, Carl Jung, alitoa kitabu kilichoeleza kwamba nguvu za nafsi za watu wengine huelekea nje, kwa watu na mambo, na za wengine huelekea ndani, kwenye mawazo yao. Hakusema upande mmoja ni ugonjwa. Tusichanganye hali hii na haya. Mwenye haya anaogopa watu watamwonaje. Mkimya anaweza asiogope kabisa. Anaweza kuhutubia mkutano wa hadhara vizuri, kisha akatamani kukimbilia mahali pasipo na mtu.

Mtaalamu wa saikolojia wa Kanada, Brian Little, ni mfano mzuri. Ni mwalimu mchangamfu mbele ya darasa, ilhali kwa asili ni mkimya. Alipokuwa akialikwa kufundisha maofisa katika chuo cha kijeshi kilicho kando ya mto Richelieu, wakati wa chakula cha mchana aliomba aende kutembea peke yake mtoni, apate nguvu za kipindi cha alasiri. Na pasipokuwa na mto, alijificha chooni! Mafundisho yake ni kwamba mtu anaweza kutoka nje ya asili yake kwa ajili ya kazi anayoipenda, lakini lazima apate mahali pa kurudi na kupumzika. Asipopapata, mwili na moyo vitadai.

Tunalolijua kutoka malishoni

Wenyeji wa Simiyu hawahitaji kwenda Kanada kulielewa jambo hili. Wanayo ngitili. Mvua zinapoanza, familia au kijiji hutenga eneo la malisho na kulifunga. Nyasi zinaota, miti inachipua, na ng'ombe hawaingizwi. Kiangazi kikali kinapofika na malisho mengine yamekwisha, ndipo ngitili inafunguliwa. Mara nyingi haina ukuta wala waya. Inalindwa kwa mipaka inayojulikana na kwa sheria za kimila, na aliyeingiza mifugo kabla ya wakati aliweza kutozwa faini mbele ya dagashida, yaani baraza la jadi.

Miti ilipokatwa kwa wingi ili kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, na desturi ya ngitili ilipodhoofika wakati wa kuhamia vijijini miaka ya 1970, ardhi ilibaki tupu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioendelea hadi mwaka 2004. Wakati ule Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado katika mkoa wa Shinyanga, kwani mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Mradi ulirudi kwenye desturi ya wazee, na zaidi ya hekta 300,000 zikawekwa tena chini ya ngitili.

Hapa ndipo penye somo letu. Ngitili haitengwi kiangazi kikishafika. Hutengwa wakati wa mvua, majani yakiwa bado tele. Akina mama wengi hutafuta mapumziko wakiwa wamekwisha kauka, na wakati huo hata usingizi wa siku mbili hautoshi. Mama mkimya atenge nguvu zake mapema, kila siku, angali anazo.

Namna ya kuitenga

Kwanza, ujue kinachokula nguvu zako. Kwa wiki moja andika katika daftari kila jioni: saa zipi zilikuchosha, na ulikuwa na nani. Wengi hugundua kwamba si hesabu wala ripoti zinazowachosha, bali mlango usiofungwa.

Pili, weka mipaka inayojulikana. Panga saa za kuwaona wazazi au wanakikundi, kwa mfano saa nne hadi saa sita, na uzibandike mlangoni. La dharura halingoji, lakini si kila jambo ni la dharura. Fika kazini nusu saa kabla ya wengine. Baada ya kikao kirefu usiingie kingine; zunguka bustani ya shule, au kagua stoo peke yako.

Tatu, endesha vikao kwa njia inayokufaa. Toa ajenda kwa maandishi siku moja kabla, ili nawe uwe umekwisha kufikiri. Sema neno lako mapema, kwa sababu mkimya akingoja sana hukuta wenye sauti wamekwisha kuamua. Kisha waulize wajumbe mmoja mmoja, na utaje saa ya kumaliza.

Nne, gawa kazi. Katika kitabu cha Kutoka sura ya 18, Yethro alimwona Musa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, akamwonya kwamba atadhoofika yeye pamoja na watu wake. Alimshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Ikiwa msaidizi wako anafurahia umati wa watu, mwachie siku ya michezo na mapokezi ya wageni. Wewe shika yale yanayohitaji utulivu.

Tano, zungumza na mume wako. Usingoje mpaka mmekoseana. Mwambie jioni moja tulivu: "Baba watoto, nikirudi nimenyamaza, sijakukasirikia. Nipe robo saa nikoge na kukaa kimya, halafu nitakuwa wenu." Muulize naye anahitaji nini, na mkubaliane ni siku zipi za juma wageni wakaribishwe. Watoto pia wafundishwe. Mtoto wa miaka sita anaweza kuelewa kwamba mama anapumzika kidogo, mradi ile robo saa ikiisha mama atoke kweli na kuketi naye.

Isiwe kisingizio

Ngitili hutengwa ili ng'ombe wapate kuishi, si ili majani yatazamwe. Vivyo hivyo, mama asijifiche kwa jina la ukimya. Msiba wa jirani hauachwi, mgonjwa hutembelewa, na nzengo haiwezi kujengwa na watu wasioonekana. Tunajiwekea nguvu ili siku hizo zikifika tuwe na cha kutoa.

Tena, si kila uchovu unatokana na watu. Upungufu wa damu, malaria na mimba changa humchosha mwanamke vilevile, na kipimo cha damu ni jambo dogo. Na ikiwa kwa wiki mbili au zaidi umekosa raha ya mambo uliyoyapenda, usingizi umepotea na chakula hakipiti, huo si ukimya wa asili. Nenda kituo cha afya ukaeleze.

Dada mpendwa, kama umekuwa ukifikiri kwamba uongozi ni wa wenye sauti kubwa tu, usiandike barua ya kujiuzulu bado. Juma hili chagua nusu saa moja ya siku iwe yako, waeleze wa nyumbani kwako, na uilinde kwa mwezi mzima. Kisha waulize watoto wako kama wameona tofauti.