Picha ya nyara husema nini, huficha nini

Kamera ikiwekwa mita moja na nusu mbele ya pembe za nyati aliyeuawa, na mwindaji akachuchumaa mita moja na nusu nyuma ya pembe hizo, mwindaji atatoka kwenye picha akiwa nusu ya kimo chake ukimlinganisha nazo. Pembe zenye upana wa mita moja zitaonekana kama za mita mbili. Hakuna programu iliyotumika wala mtu aliyeichezea picha. Ni hesabu ya umbali tu: kitu kikiwa mbali na kamera mara mbili ya kingine, huonekana kimepungua kwa nusu. Hila hii wavuvi wanaijua vizuri, ndiyo maana samaki kwenye picha zao hunyooshwa mbele mpaka anakaribia kugonga lenzi.

Wawindaji wenyewe hawaiamini picha linapokuja suala la ukubwa. Vitabu vya rekodi vya Rowland Ward, vilivyoanza kuchapishwa London mwaka 1892, hutegemea utepe na mizani. Anayedanganyika ni mtu wa nje: ndugu, rafiki, na zaidi mteja mtarajiwa anayeletewa picha hiyo kama tangazo la kitalu cha uwindaji.

Linganisha na picha ya meno ya ndovu wa Kilimanjaro. Ndovu huyo aliuawa kwenye miteremko ya mlima mwaka 1898, na meno yake yakapelekwa kuuzwa Unguja. Kila moja lina urefu unaozidi mita 3, na yote mawili yana uzito wa takriban kilo 200. Leo ni mali ya Makumbusho ya Historia ya Asili ya London. Katika picha iliyopigwa Unguja, meno yamesimamishwa wima na watu wamesimama kando yake, hivyo jicho linapima lenyewe. Kwa ukubwa, picha ile haina hila. Ila aliyempiga ndovu hayumo. Simulizi inayorudiwa ni kwamba alikuwa mtumwa wa mfanyabiashara Mwarabu.

Zaidi ya karne imepita na pengo hilo bado lipo. Uwindaji wa kitalii nchini Tanzania hauwezi kufanywa na mgeni peke yake. Sheria inamtaka aongozane na mwindaji bingwa na askari wa wanyamapori, na nyuma yao wapo wafuata nyayo, dereva, wachuna ngozi na mpishi. Mfuata nyayo ndiye aliyeona jani lililokunjika alfajiri, akatambua kuwa nyati amepita muda si mrefu. Wakati mwingine risasi iliyomaliza kazi si ya mgeni, ni ya mwindaji bingwa aliyekuwa pembeni yake. Kisha kamera inatolewa, na watu hao wote wanaambiwa wasogee kando ili kivuli chao kisiingie. Huo nauita uwongo, hata kama kila kilichomo kwenye fremu kilikuwepo kweli.

Kuhusu heshima, wawindaji bingwa wazuri wana adabu wanazowafundisha wageni wao, nami sina ugomvi nazo. Damu ifutwe puani na kwenye jeraha. Ulimi urudishwe kinywani. Mnyama alazwe kifudifudi, miguu ikunjwe, asikaliwe mgongoni wala kukanyagwa. Chupa za bia zisionekane. Wawindaji wa Kijerumani wana desturi ya kumwekea mnyama kitawi kibichi kinywani, kama tonge lake la mwisho, kabla hata ya kufikiria picha. Mtu anayepinga uwindaji ataona haya yote ni unafiki. Mimi naona ni afadhali kuliko mtu mzima kupanda mgongo wa kiboko aliyekufa na kunyoosha dole gumba.

Tatizo ni kwamba adabu na ukweli havielekei upande mmoja siku zote. Simba anaonyesha jambo hili kuliko mnyama mwingine yeyote.

Kanuni za Tanzania zinataka simba anayewindwa awe dume mwenye umri wa miaka 6 au zaidi. Sababu iko kwenye maisha ya simba wenyewe. Dume mgeni akilitwaa kundi, huua watoto wadogo wa dume aliyemtangulia ili majike waingie joto mapema, naye apate wa kwake. Watoto huhitaji takriban miaka 2 ya ulinzi kabla ya kujitegemea. Ukimpiga dume kijana ambaye ndiyo kwanza amepata kundi, kwenye leseni umeandika simba mmoja, lakini porini wanakufa na watoto ambao hakuna atakayewahesabu. Mwaka 2004 watafiti wa simba wa Serengeti walichapisha utafiti katika jarida la Nature ulioonyesha kwamba idadi ya simba inaweza kuhimili uwindaji ikiwa madume vijana wataachwa, na kwamba pua inaweza kumwongoza mwindaji: huwa ya waridi utotoni, kisha madoa meusi huongezeka kadiri miaka inavyokwenda.

Sasa ifikirie ile picha ya heshima. Kinywa kimefungwa, kwa hiyo meno hayaonekani. Meno ndiyo yangetuambia kama yamekuwa ya njano, kama yamelika, kama ncha zimevunjika kwa kazi ya miaka. Uso umegeuzwa upande ili manyoya ya shingoni yapate mwanga wa jioni, pua imefichika. Manyoya yenyewe yamechanwa na kuinuliwa yaonekane mengi. Picha ni nzuri, na imefuta karibu kila alama ambayo mtaalamu angeitumia kukadiria umri. Wakaguzi huomba fuvu na meno kwa sababu hii.

Lipo pia jambo ambalo hakuna pozi linaloweza kulionyesha, nalo ni namna mnyama alivyokufa. Jeraha likioshwa, hujui kama ilikuwa risasi moja au tano, wala kama alifuatwa kwa dakika kumi au usiku kucha. Simba Cecil, aliyeuawa Zimbabwe mwaka 2015, alipigwa mshale kwanza, akaishi na jeraha kwa saa kadhaa kabla ya kumaliziwa. Shingoni alikuwa na kola ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, na kola haipendezi kwenye picha ya nyara. Dunia ilipochemka, picha iliyosambaa zaidi ya mwindaji yule, daktari wa meno kutoka Marekani, ilikuwa ya simba mwingine aliyemuua miaka kadhaa nyuma. Mamilioni waliililia maiti isiyo ya Cecil. Kwa hiyo wanaolaani nao wana deni la ukweli: maelezo chini ya picha yakikosewa, hasira hukosea njia pia.

Uzio nao haupigwi picha. Afrika Kusini wapo simba wanaozaliwa na kulelewa mashambani, kisha huachiwa ndani ya eneo lililozungushiwa waya ili mgeni awapige. Kwenye picha kuna nyasi, jua na dume mwenye manyoya tele asiye na kovu, maana hajawahi kupigania kundi. Manyoya safi mno yanapaswa kukutia shaka kabla ya kukupendeza.

Karibu zaidi na nyumbani kuna suala la Enduimet, upande wa magharibi wa Kilimanjaro. Tembo wa huko hawana pasipoti. Leo wako Longido, kesho Amboseli, Kenya. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, Tanzania inauruhusu. Upande wa Amboseli, watafiti wamekuwa wakiwafuatilia tembo hawa tangu mwaka 1972, na wanawatambua mmoja mmoja kwa picha za masikio: mipasuko, matundu na mishipa ambayo haifanani kwa tembo wawili. Kuanzia Septemba 2023 madume kadhaa wenye meno makubwa waliuawa karibu na mpaka upande wa Tanzania, kwa leseni. Watafiti walitaka kujua ni akina nani, wakalalamika kwamba baadhi ya mizoga ilichomwa moto.

Kwa kanuni zetu, jino la tembo anayewindwa linatakiwa lisipungue kilo 20 au urefu wa sentimita 160. Kigezo hicho kinalitazama jino, hakimtazami mnyama. Tembo mwenye meno ya aina hiyo kwa kawaida ni dume mzee, na dume mzee ndiye majike humkubali zaidi na vijana humfuata. Picha ya nyara nayo huiga kanuni: meno yamejaa fremu, masikio yamelala nyuma au yamekatwa na ukingo wa picha.

Ombi langu ni kwa wenye vitalu na kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Kabla ya picha ya kumbukumbu, zipigwe picha za ukaguzi, mnyama akiwa hajaoshwa wala kupangwa: kwa tembo, masikio yote mawili yakiwa yamekunjuliwa, kwa simba, pua kutoka mbele na kinywa kikiwa wazi, kwa kila mnyama, jeraha na utepe uliolazwa juu ya pembe au jino. Tarehe na jina la kitalu viandikwe, na watafiti wa pande zote mbili za mpaka waruhusiwe kuziona. Baada ya hapo mgeni apige picha yake kwa adabu zote anazotaka, na mfuata nyayo akae naye ndani ya fremu, jina lake likiandikwa chini kama la mgeni. Kampuni itakayoona aibu kutoa picha za namna hiyo isipewe kitalu.