Usiwachanganye Vifaranga kwa Haraka

Mwaka jana kuku wangu wawili waliangua kwa kupishana wiki tatu. Wa kwanza nilimwondolea vifaranga wake 12, nikawalea ndani ya boksi jikoni kwa taa ya chemli, ili arudi kutaga mapema. Wa pili alipoangua 9, nikaona nijipunguzie kazi. Nikawatia wote boksi moja, nikaenda kulala.

Asubuhi wadogo watatu walikuwa wamekufa, na mwingine amedonolewa mkiani hadi damu. Hizo zilikuwa fedha za madaftari ya watoto! Nililia, na Baba Neema akanicheka.

Mama mwenzangu, kifaranga wa wiki tatu humkanyaga mdogo na kumfukuza penye chakula. Hata joto wanalohitaji si moja. Aliyeanguliwa leo anataka nyuzi 32 hadi 35 za Sentigredi. Kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Huna kipimajoto? Watazame. Wakirundikana chini ya taa wanaona baridi. Wakijitenga nayo na kuhema midomo wazi, joto limezidi. (Ukitumia jiko la mkaa, usifunge chumba kabisa. Moshi wake usioonekana huua vifaranga, na watu pia.)

Tena kuna kuhara damu. Vifaranga wakubwa huweza kuonekana wazima, kumbe kinyesi chao kina vijidudu vya ugonjwa huo. Kwa hiyo kila asubuhi hudumia wadogo kwanza, ndipo uende kwa wakubwa.

Ngoja mpaka wadogo waote manyoya vizuri, yaani wiki ya tano au ya sita. Kwanza watenganishe kwa waya wa kuku, waonane kwa wiki nzima bila kugusana. Halafu waunganishe jioni, uongeze vyombo vya chakula na maji, na kulipopambazuka uwe karibu. Mimi niliweka pia boksi lenye tundu dogo, wadogo wapite, wakubwa wasiweze. Anayetoka damu mtoe mara moja, maana kuku wakiona wekundu hawaachi kudonoa.

Ukiwa na kuku aliyeangua jana au juzi, unaweza kumwekea wageni wa umri uleule chini ya mbawa, usiku. Mwenye vifaranga wa wiki mbili usimjaribu. Huweza kuwaua wageni.

Wangu sita waliosalia wamekua pamoja na wenzao. Siwatofautishi tena, isipokuwa yule wa mkiani.