Gesi au Umeme: Hesabu Ianzie Kwenye Sufuria

Katika nyumba nyingi za mijini Tanzania kuna kauli isiyobishiwa: umeme ni wa taa, friji na televisheni; kupikia ni gesi, na gesi ikiisha kabla ya mshahara ni mkaa. Anayethubutu kuchomeka jiko la umeme huambiwa LUKU, umeme wake wa kulipia kabla, haitamaliza wiki. Kauli hiyo ina sababu zake, ila haijapigiwa hesabu. Mtungi wa gesi hauonyeshi kinachopungua mpaka moto uzimike wali ukiwa haujakauka. Mita ya LUKU inahesabu mbele ya macho yako, na uniti zikikaribia kuisha inapiga kelele. Tena tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo kwenye LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme mara ya kwanza katika mwezi hupata uniti pungufu ya alizotarajia, na jiko hubebeshwa lawama zote. Kwa kutazama, gesi ndiyo rahisi. Kwa kuhesabu, kwa familia nyingi za mjini zenye umeme wao, gesi ndiyo ghali.

Anayenunua nishati ya kupikia hanunui kilo wala uniti. Ananunua joto linaloingia kwenye chakula. Kati ya mtungi na mchuzi kuna upotevu, na kila jiko lina upotevu wake. Kilo moja ya gesi ya mtungi, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani, ina nishati inayokaribia uniti 13 za umeme. Hiyo ni nishati nyingi sana, na ndiyo maana gesi ina sifa ya kuwa na nguvu. Lakini moto wa gesi hauipashi sufuria peke yake. Hupasha hewa, hupasha vyuma vya jiko, hupanda ubavuni mwa sufuria ukaishia kwenye uso wa mpishi. Weka sufuria ndogo juu ya kichomeo kikubwa, uone ndimi za moto zinavyochungulia pembeni: zote hizo ni gesi uliyoilipia na haikupika kitu. Kwa jumla, sufuria hupokea kati ya theluthi moja na nusu ya joto la gesi. Tuipendelee gesi, tuseme ni nusu kamili. Basi kilo moja inakupa takriban uniti 6.4 za joto lenye kazi.

Upande wa umeme, neno "jiko la umeme" linaficha vitu vitatu tofauti, na wengi huumia dukani kwa kutovitofautisha. La kwanza ni jiko la koili au la pleti: waya ndani ya chuma hupata moto, chuma kinapasha sufuria. Huchelewa kushika moto na huchelewa kupoa, na kama kitako cha sufuria kimebonyea joto hupotelea kwenye uwazi. Hata hivyo karibu asilimia 70 hufika kwenye chakula. La pili na la tatu yote yana uso wa kioo cheusi na vitufe vya kubonyeza, na kwenye rafu ya duka yanafanana kama pacha. Moja ni infraredi: ukiliwasha linawaka wekundu chini ya kioo, na linapokea sufuria ya aina yoyote. Jingine ni indaksheni, nalo haliwaki hata kidogo. Chini ya kioo chake kuna msokoto wa waya wa shaba unaopitishiwa umeme unaogeuka mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde. Msokoto huo hutoa nguvu ya sumaku, na sumaku hiyo huzusha mkondo wa umeme ndani ya kitako cha sufuria chenyewe, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Sufuria ndiyo inayokuwa jiko. Kioo hupata moto kwa kuguswa nayo tu. Kwa kuwa joto linazaliwa pale pale linapohitajika, asilimia 85 hivi ya umeme hugeuka kuwa upishi.

Sasa tuyaweke mizanini. Kilo moja ya gesi inayofanya kazi kwa nusu ya nguvu yake ni sawa na uniti saba na nusu za jiko la indaksheni, au uniti tisa za jiko la koili. Kanuni hiyo inatosha kumaliza ubishi katika nyumba yoyote: zidisha bei ya uniti yako kwa 7.5, kisha linganisha na bei ya kilo moja ya gesi mtaani kwako. Mteja wa kawaida wa shirika la umeme, TANESCO, akijumlisha kodi na tozo, hulipa takriban shilingi 356 kwa uniti. Mara 7.5 inakuja shilingi 2,670. Mtungi wa kilo 6 ukiuzwa shilingi 24,000, kilo moja ni shilingi 4,000. Hata jiko la koili, ambalo ndilo lenye sifa mbaya kuliko yote, linatoka shilingi 3,200 hivi. Familia inayotumia kilo 10 za gesi kwa mwezi inatoa shilingi 40,000. Upishi ule ule kwa indaksheni ni uniti 75, yaani shilingi 26,700. Bei za gesi hupanda na kushuka, na Kenya, ambako uniti ni ghali kuliko Tanzania, pengo linaweza kuwa dogo sana au kugeuka. Lakini kanuni haibadiliki, na kila mtu ana namba zake za kuingiza.

Hapa msomaji makini atauliza swali ambalo watangazaji wa majiko hulikwepa: vipi kuhusu wale wanaolipa bei nafuu? TANESCO ina daraja la wateja wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao kwao uniti moja hutoka shilingi 122 hivi. Kwa mtu huyo hesabu ya juu juu inavutia mno, lakini ina mtego. Tuseme anatumia uniti 50 kwa taa, friji na simu, analipa shilingi 6,100. Akihamishia upishi wote, zile uniti 75, kwenye indaksheni atafika uniti 125, atatolewa kwenye daraja lake, na zile 50 za mwanzo nazo zitapanda bei. Ankara yake itakuwa shilingi 44,500. Ongezeko ni shilingi 38,400, karibu sawa na gesi aliyoiacha, na bado hajanunua jiko. Kwa nyumba kama hiyo, kuhama kabisa hakuna faida. Ila ana uniti 25 ambazo hajazigusa, za bei nafuu kuliko nishati nyingine yoyote mjini, na swali lake linakuwa: chakula gani kinastahili kupewa uniti hizo?

Jibu ni maharage, na jamaa zake wote: makande, kunde, njugu mawe, utumbo, nyama ya ng'ombe mzee. Vyakula hivi havihitaji moto mkali, vinahitaji muda, na muda ndio unaomaliza mtungi. Presha kuka ya umeme inavipika kwa njia mbili kwa pamoja. Mvuke uliofungiwa hupandisha joto la maji hadi nyuzi 115 au zaidi badala ya 100, hivyo maharage huiva kwa sehemu ndogo ya muda wa kawaida; na kwa kuwa chungu chake kimefunikwa pande zote, umeme hujizima wenyewe na kurudi mara chache tu kushikilia joto. Nusu kilo ya maharage mara nyingi haifikishi nusu uniti. Kwa mteja mdogo hiyo ni kama shilingi 60, na kwa mteja wa kawaida haifiki 180. Sufuria ya wazi juu ya gesi, ikichemka taratibu kwa saa mbili, inaweza kula gramu 150, yaani shilingi 600. Nyumba inayopika maharage mara tatu kwa wiki itatumia uniti sita au saba kwa mwezi, na daraja lake halitaguswa.

Pingamizi la pili liko kabatini. Sufuria za Afrika Mashariki ni za aluminiamu, nyepesi, za kupangwa moja ndani ya nyingine, na indaksheni haizitambui kabisa: aluminiamu hupitisha umeme kwa urahisi mno na haishiki sumaku, kwa hiyo jiko hulia na kujizima. Hili si jambo dogo. Anayenunua jiko la indaksheni ajue ananunua na sufuria, na bei ya sufuria mbili tatu za chuma kisichoshika kutu inaweza kuzidi ya jiko lenyewe. Aende dukani na kasumaku kadogo, hata kale ka kubandika kwenye friji. Kakinasa imara kwenye kitako, sufuria inafaa, kakiteleza aiache, maana si kila chuma kinachong'aa kinashika. Asiye tayari kwa gharama hiyo achague infraredi au koili, akijua anaacha sehemu ya akiba ili abaki na vyombo vyake. Kwa upande mwingine, chuma kizito cha kuchomea chapati, kama kitako chake ni bapa, hukubali indaksheni vizuri kabisa.

Kuna na vyakula vinavyodai moto wa kuonekana. Karai la maandazi lina kitako cha mviringo, halikai juu ya kioo. Wali wa nazi wa pwani, unaopaliwa makaa juu ya mfuniko ili ukauke pande zote mbili, hauna jiko la kioo litakaloufanyia hivyo. Ugali wa watu kumi, unaosongwa kwa nguvu za mabega, utaisogeza sufuria nyepesi kutoka mahali pake, na ikitoka tu jiko linakata moto. Ugali wa familia ndogo hausumbui ukitumia sufuria nzito yenye mpini na mkono mmoja ukaishika. Dai kwamba umeme ni mlegevu, hata hivyo, halina ushahidi. Indaksheni ya wati 2,000 huingiza kwenye sufuria kilowati 1.7, kichomeo cha gesi cha kilowati 2.5, kikipoteza nusu, huingiza 1.25. Lita mbili za maji ya chai zitachemka kwa dakika sita hivi kwenye indaksheni, na nane au zaidi kwenye gesi. Koili ya wati 1,500 ndiyo inayochelewa, dakika kumi na zaidi, na pengine ndiyo iliyoyapaka matope majiko yote ya umeme.

Pingamizi zito kuliko yote ni umeme wenyewe. Bwawa la Julius Nyerere, lililobuniwa kutoa megawati 2,115 na lililoanza kuzalisha Februari 2024, limeongeza sana umeme wa gridi, lakini nguzo ikianguka mtaani kwako megawati hizo hazikufikii. Kwa hiyo mwenye jiko la umeme anahitaji mtungi mdogo wa akiba, wala hilo haliharibu hoja: mtungi wa kilo 6 unaotumika siku ya giza na siku ya maandazi utakaa miezi. Nyaya nazo zisipuuzwe. Wati 2,000 ni ampea 9 hivi, mzigo ambao soketi nzima inaubeba bila shida lakini ekstensheni nyembamba inayoshirikiwa na friji itayeyuka. Mpangaji anayegawana LUKU na vyumba vingine vinne ana kikwazo ambacho hesabu haikitatui: mwenye nyumba amekataza, majirani watanung'unika, na uniti zikiisha usiku ugomvi utamwangukia yeye. Kwake gesi ndilo jibu la busara mpaka apate mita yake.

Gesi, kwa haki yake, imewatoa wengi kwenye moshi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania, umeitegemea sana, na ukilinganisha na mkaa hakuna mjadala. Lakini si safi kabisa. Mwali wake hutoa naitrojeni dioksaidi, hewa inayosumbua mapafu, hasa ya watoto na wenye pumu, kwenye chumba cha kupikia kisicho na dirisha. Ikivuja haipai bali hutuama sakafuni, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, na ndiyo maana anayesikia harufu anatakiwa kufungua milango na kutogusa swichi. Wala gesi ya mtungi si ile ya Songo Songo na Mtwara, kama wengi wanavyodhani: ile ni methani inayopita kwenye mabomba na kuendesha mitambo ya umeme, ya mtungi huletwa kwa meli kutoka nje, na bei yake hufuata soko la dunia.

Kwa hiyo mwenye mita yake anayevuka uniti 75 kwa mwezi aanze na indaksheni na sufuria mbili zinazoshika sumaku, abaki na mtungi mdogo wa akiba. Aliye kwenye daraja la bei nafuu aongeze presha kuka kwa ajili ya maharage, mengine ayaachie gesi. Anayegawana LUKU abaki na gesi, achague kichomeo kinacholingana na sufuria na apike akiwa amefunika. Wote watatu wanaweza kuanza mwezi huu kwa kuandika tarehe kwenye mtungi siku wanapoufungua, kwa sababu asiyejua gesi yake inakaa siku ngapi hana msingi wa kusema umeme ni ghali.