Keti Barazani, Chora Unachokiona

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo sungura na fisi wapumzike. Nawapeleka mjini, tena mbali, hadi Unguja.

Pale Forodhani, Sultani Barghash alijenga jumba linalotazama bahari mwaka 1883, nalo likaitwa Beit al-Ajaib. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, na roshani zake pana, ghorofa juu ya ghorofa, zilibebwa na nguzo za chuma. Husimuliwa kuwa ndilo jengo la kwanza Zanzibar kuwekwa umeme, na la kwanza Afrika Mashariki kuwekwa lifti. Agosti 1896 manowari za Waingereza zililipiga mizinga eneo lile, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Majengo ya jirani yakaharibika vibaya. Hili likabaki limesimama. Baadaye likapata mnara wa saa kwa mbele. Kisha, tarehe 25 Desemba 2020, mchana wa Krismasi, sehemu ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara wake. Watu wawili wakafa.

Sasa niambieni: anayetaka kulirudisha kama lilivyokuwa atajuaje nguzo ilishika wapi, na dirisha lilikuwa na mapambo gani? Atatafuta picha. Na atatafuta michoro ya watu waliowahi kuketi mbele yake wakalitazama kwa utulivu.

Dar es Salaam alikuwako mchoraji wa namna hiyo, Sarah Markes, Mwingereza aliyeishi pale. Aliona nyumba za zamani za katikati ya jiji zikibomolewa ili maghorofa yapande, akazichora mitaani: roshani, milango, mabango ya maduka, na nyaya za umeme zilizosokotana juu ya barabara. Mwaka 2011 Mkuki na Nyota wakaitoa michoro hiyo katika kitabu, Street Level. Mimi hizo nyaya ndizo zinazonipendeza zaidi, maana wachoraji wengi huzifuta ili mtaa uonekane msafi. Mtaa gani wa Dar hauna nyaya?

Duniani wapo wengi wa aina yake. Mwaka 2007 Gabriel Campanario, mwanahabari mzaliwa wa Hispania aliyekuwa akiishi Seattle, Marekani, alianza kuwaunganisha, na leo wana vikundi katika nchi nyingi. Kanuni yao kubwa ni hii: chora ukiwa palepale, kile unachokiona kwa macho yako.

Nanyi wa hapa kijijini Nyarero msiniambie hamna jiji. Mna maduka yenye vibaraza na mapaa ya bati, na siku mkienda Tarime mjini mtakuta mtaa mzima. Chukueni daftari na penseli. Kifutio kiacheni nyumbani, kinapoteza muda.

Keti mahali ambapo pikipiki haitakufikia. Tazama safu ya maduka inavyokwenda mbali. Ukingo wa bati ulio juu ya macho yako utauona kama unashuka kadiri unavyokwenda mbali. Ukingo wa kibaraza, ulio chini ya macho yako, utauona kama unapanda. Ukiirefusha mistari hiyo miwili, itakutana usawa wa macho yako. Ukilijua hilo, nyumba yako haitapinda tena kama mtungi uliokanyagwa na ng'ombe.

Kuhusu urefu, nyoosha mkono, shika penseli wima, fumba jicho moja. Pima mlango kwa kidole gumba juu ya penseli, kisha tazama nyumba nzima ina milango mingapi kwenda juu. Mkono usikunjwe, la sivyo kipimo kinabadilika.

Vivuli vichoreni mapema, maana jua halingoji. Watu na mbuzi nao wachoreni harakaharaka, mistari michache tu. Mwenye duka atatulia, mbuzi hatatulia. Na mwenye duka muombeni ruhusa kwanza, kwa salamu: shikamoo, naomba kuchora duka lako. Watoto wenzenu watawazunguka na kuwaambia dirisha si hapo. Sikilizeni, mara nyingi wanasema kweli.

Pembeni andika tarehe na jina la mahali. Halafu muulize mzee aliye karibu nyumba hiyo aliijenga nani, na kabla yake palikuwa na nini, uandike jibu lake palepale chini ya mchoro.