Aya ya Kwanza na Hamu ya Kusoma: Mazingatio Kuhusu Ufunguzi wa Riwaya katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kuanzia katikati. Mhakiki huchukua dhamira, wahusika, migogoro na lugha, akavichambua kama mtu aliyekwisha kuimaliza kazi na kuirudia mara mbili. Msomaji wa kawaida hayumo katika hali hiyo. Yeye bado yuko mlangoni, na alicho nacho mkononi ni aya moja tu. Makala haya yanakusudia kuichunguza aya hiyo: ni kwa njia gani humvuta msomaji aendelee, na ni kipimo gani kiwezacho kutumiwa kuihukumu. Pwani ya Malindi na Kilifi imechaguliwa kuwa uwanja wa mifano kwa sababu msomaji wa huko huijia riwaya akiwa amekwisha zoea namna nyingine za kufungua masimulizi, na kwa sababu wengi wa wasomaji hao walijifunza Kiswahili sanifu juu ya Kigiryama, Kichonyi, Kikauma au Kiribe. Sikio la namna hiyo ni kali. Husikia upesi mahali lugha inapojitanua bure.

Iko sababu moja kubwa iliyofanya jambo hili lisitazamwe vya kutosha. Katika Kenya, riwaya nyingi za Kiswahili humfikia kijana zikiwa vitabu teule vya mtihani. Mwanafunzi wa Ganze au wa Kaloleni haulizwi kama aya ya kwanza imempendeza. Ratiba ya masomo imekwisha kumjibia. Kwa hiyo aya hiyo haijapata kushindwa, kwa kuwa haijapata kushindanishwa na chochote. Hasara yake haionekani darasani. Huonekana baada ya mtihani, pale kijana aliyesoma riwaya kwa amri anapokutana na nyingine dukani, wala hakuna wa kumwamuru tena. Wakati huo aya ya kwanza ndiyo hubaki peke yake na kazi yote.

Msimulizi wa hadithi hakuwa na shida hii. Yeye husema "Paukwa!" akangoja "Pakawa!" Itikio likiwa dhaifu hurudia, kwani amekwisha kujua kwamba wasikilizaji wake wana usingizi au wana njaa. Kisha ndipo huja "hapo zamani za kale", au lile neno lililopendwa sana katika ngano za pwani, "paliondokea", ambalo hata katika ngano za Unguja zilizochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 linasikika kama mtu anayeinuka kutoka mahali patupu. Watunzi wa tenzi nao walikuwa na desturi yao: kumtaja Mungu, kisha kuomba wino na karatasi. Mwana Kupona, katika utenzi wake wa mwaka 1858, humwita binti yake asogee karibu kabla ya kumwambia neno lolote la wosia. Desturi hizi zote mbili zinakutana mahali pamoja: masimulizi huanza kwa kumwita mtu. Riwaya imeipoteza sauti hiyo. Mwandishi hawezi kungoja itikio, wala hawezi kuona nani amesinzia. Ni lazima mwito uwe umefichwa ndani ya maelezo yenyewe.

Haina maana kwamba ufunguzi wa polepole ni mbaya. *Kufikirika* ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake mwandishi, huanza kwa kueleza mahali nchi ilipo na mipaka yake, jambo ambalo katika mikono mingine lingekuwa somo la jiografia. Lakini majina ya jirani zake ni majina ya hali za binadamu, na msomaji hutambua mara moja kwamba ramani aliyopewa ni ramani ya roho. Upole wa aya ile umebeba mzigo. Waigaji wengi walichukua upole wakauacha mzigo.

Tofauti hiyo yaweza kuonyeshwa kwa mifano miwili iliyotungwa kwa ajili ya makala haya. Wa kwanza ni huu: "Kilifi ni mji mzuri ulio kando ya Bahari ya Hindi, kaskazini ya Mombasa. Jua lilikuwa likichomoza na ndege walikuwa wakiimba. Wenyeji wa mji huo ni wavuvi, wakulima na wafanya biashara. Asubuhi hiyo kijana mmoja aitwaye Karisa aliamka mapema." Wa pili: "Kivuko cha mwisho kilikuwa kimekwisha ondoka alipofika Mnarani. Alisimama ukingoni, maji yakimfika vifundoni, akaitazama taa yake ikielekea mjini. Ufunguo ulikuwa bado mkononi, nao haukuwa wake."

Mfano wa kwanza hauna kosa la sarufi hata moja, na mwalimu angeupa alama nzuri katika insha. Kasoro yake ni kwamba kila sentensi inajitosheleza. Mtu akiachia hapo, hakuna kinachomwuma. Jua na ndege wangeweza kuwa wa mji wowote, nao wenyeji wametajwa kama katika kitabu cha wageni. Mfano wa pili hauelezi mahali, lakini mahali pamo. Anayeijua pwani atafahamu kwamba mtu huyu yuko kusini ya hori, na mji uko ng'ambo. Atafahamu pia kwamba habari hii ni ya kabla ya mwaka 1991, kwani mwaka huo daraja la Kilifi lilifunguliwa na kazi ya kivuko ikakoma. Tarehe imetolewa bila tarakimu. Naye asiyejua lolote kuhusu Kilifi hapungukiwi, kwa kuwa ufunguo wa mwenyewe mwingine ni jambo linaloeleweka popote.

Hapa ndipo sarufi ya Kiswahili inapompa mwandishi silaha ambayo haitumiwi kwa ukamilifu. Kiambishi *a-* katika "alipofika" na "alisimama" hutaja mtu mmoja, basi. Hakisemi jina, hakisemi umri, wala hakisemi kama ni mume au mke. Riwaya inaweza kwenda aya nzima, hata ukurasa mzima, na msomaji akawa amekwisha kumhurumia mtu ambaye hajui hata kama ni wa kiume au wa kike. *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei, iliyotahiniwa katika shule za sekondari kuanzia mwaka 2018, huanza kwa kitenzi cha namna hiyo: mtu amesimama katika maumivu, anatazama moshi. Jina la Ridhaa halitangulii. Uchungu ndio unaotangulia. Huo ni uamuzi mzuri sana wa kisanaa. Nyakati nazo zina kazi yake. Wakati wa *-li-* huweka tukio chini, imara; *-ka-* hudai kuwe na jambo lililopita kabla yake, hivyo mwandishi anayefungua kwa *-ka-* humtia msomaji wasiwasi kwamba kuna ukurasa uliong'oka. Wasiwasi huo waweza kuwa hila nzuri, ila mara moja tu.

Kipimo kinachopendekezwa hapa ni chepesi, na mwalimu yeyote aweza kukifanya. Aya ya kwanza na isomwe kwa sauti mbele ya watu wasioijua kazi, kisha msomaji anyamaze, ayaandike maswali yatakayoulizwa. Maswali hayo yatakuwa ya aina mbili. Kuna swali la hamu: "Ni nani huyo?" "Ufunguo wa nani?" "Ikawaje?" Na kuna swali la kukwama: "Neno hili maana yake nini?" Yote mawili ni maswali, na mhakiki asiye mwangalifu atayahesabu pamoja kuwa dalili ya mvuto. Lakini la kwanza hulisukuma jicho mbele, la pili hulirudisha nyuma kwenye kamusi. Kwa kipimo hiki hata *Chozi la Heri* ina deni: msamiati wa ufunguzi wake ni mzito, na mwanafunzi wa bara au wa vijijini Kilifi aweza kukwama kabla uchungu wa yule mtu haujamfikia. Haifai kusema kwamba lugha ngumu ni kosa. Inafaa kuuliza kwa nini iwe mlangoni, ambapo msomaji bado hajapata sababu ya kuivumilia.

Hali ya hewa imetumiwa vibaya kuliko kitu kingine chochote. Hata hivyo, katika Malindi hali ya hewa si pambo. Kusi ikivuma bahari huchafuka, vyombo vidogo hukaa pwani, na nyumba ya mvuvi huhesabu vibaba. Mvua zikinyesha bara, mto Sabaki hushusha udongo hadi maji ya ghuba yakawa mekundu. Mwandishi anayefungua riwaya kwa maji mekundu huku ameonyesha nani hatakula leo amesimulia. Anayefungua kwa maji mekundu kwa kuwa yanapendeza amechora picha ya ukutani.

Majina vile vile husema mapema. Katama Mkangi, mzaliwa wa Kilifi na mwanasosholojia aliyetiwa kizuizini mwaka 1986, alimwita mhusika mkuu wa *Walenisi* (1995) Dzombo. Ile *dz* haimo katika sauti za Kiswahili sanifu. Ni ya Mijikenda, na Dzombo ni kilima kilichoko Kwale. Msomaji wa Ribe au wa Kaloleni huisikia lugha ya nyumbani kwao ndani ya kitabu ambacho mengine yote yanamwendea mbali, hadi kwenye sayari ya kubuni ambayo jina lake, likikatwa vizuri, ni "wale ni sisi". Msomaji wa mahali pengine hukutana na ugeni kidogo tu, wa kutosha kumwamsha. Karisa wa mfano wetu wa kwanza hana nguvu hiyo, ingawa naye ni jina la Kigiryama, maana ametambulishwa kwa "kijana mmoja aitwaye", maneno yaliyokwisha chakaa kwa insha za shule.

Riwaya za upelelezi zaweza kuachwa kwa sasa. Huko maiti huifanya kazi ya mwito, kama kifo cha Bwana Ali katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) ya Muhammed Said Abdulla, na hamu hupatikana kwa bei nafuu. Linalostahili kuchunguzwa zaidi ni yale yanayoupata ufunguzi wa Kiswahili unapotafsiriwa. Lugha za Mijikenda hazibagui mume na mke katika nafsi ya tatu, hivyo mtu wa Mnarani aweza kuvuka kwenda Kigiryama akiwa na siri yake yote. Mtafsiri wa Kiingereza, akifika kwenye neno "alipofika", huwa hana budi kuchagua kati ya viwakilishi viwili, ama aipinde sentensi yote ili aukwepe uchaguzi huo.